Kuzamia kwa mtungi katika miamba ya Kiunga: namna ya kupanga safari kutoka Lamu

Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, imetanda kaskazini mwa visiwa vya Lamu hadi karibu na mpaka wa Somalia, na ndani yake mna visiwa vidogo vya matumbawe vipatavyo 50. Wageni wengi wanaozamia pwani ya Kenya huishia kusini zaidi, kama vile Malindi na Watamu. Wanaoijua miamba ya Kiunga shimo kwa shimo ni wavuvi wa Kibajuni, ambao huzamia kamba-koche kwa pumzi zao wenyewe, bila mtungi. Kwa hiyo kodi chombo chenye nahodha wa huko, na neno lake kuhusu bahari liwe juu ya ratiba yako.

Usisafiri wakati wa kusi, tangu Aprili au Mei hadi Septemba, kwa kuwa mawimbi hupiga moja kwa moja upande wa nje wa mwamba na maji huchafuka. Msimu mwema ni kaskazi, hasa mwishoni mwake, Februari na Machi, upepo unapolegea.

Ukishachagua mwezi, hesabu maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kwa wingi kuliko siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo mkondo katika milango ya visiwa huwa mkali kiasi cha kumtenga mzamiaji na chombo chake. Panga kuzamia siku za maji mafu, yaani karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu. Hata hivyo, njia ya Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haipitiki vyema maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo mwombe nahodha muivuke maji yanapokaribia kujaa, na ukumbuke kwamba saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Kuhusu mbizi yenyewe, ingia majini mwishoni mwa kujaa, wakati maji ya bahari kuu yanapoingia yakiwa safi. Yakianza kutoka hubeba tope la mikokoni, na mwamba uliokuwa ukionekana wazi hugeuka kivuli.

Jambo la kushughulikia kuliko yote ni hewa, kwani huko hutapata duka la kujaza mitungi, na kila unachohitaji hupakiwa Lamu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) una hewa ya lita 2,400. Toa bari 50 za akiba, ambazo ni lita 600, zibaki 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji hutumia 40 akiwa mita 10 chini, na 60 akiwa mita 20. Basi hewa ile ya lita 1,800 humtosha dakika 45 au 30 tu, na kupanda kumo humo. Fanya hesabu hii kwa kila mzamiaji na kila siku ya safari, kisha ongeza mitungi ya ziada.

Usizidi mita 18, hata kama cheti chako kinakuruhusu zaidi. Panda polepole, mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 ukiwa mita 5, ili nitrojeni iliyoingia mwilini itoke bila kufanya mapovu kwenye damu. Chukua mtungi wa oksijeni ya dharura na simu ya setilaiti, na kabla ya kuondoka ujue ni nani atakayemsafirisha mgonjwa na atampeleka wapi.

Taarifa za usalama wa eneo hilo la mpakani ziulizwe polisi na kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo pia ndilo la kuulizwa kuhusu ruhusa na ada za hifadhi. Nanga itupwe mchangani, kamwe isitupwe juu ya matumbawe: mengi yalikufa kwa joto la bahari mwaka 1998, na yanayochipua sasa huvunjika kwa mguso wa pezi tu.

Ukiwa na ndege ya kuondokea Manda, acha saa 18 zipite baada ya mbizi ya mwisho. Siku hiyo inafaa kuogelea juu ya mwamba kwa miwani tu, huku nahodha akingoja maji ya kurudia Mkanda.