Somo: Namna ya kuomba masta ya bayoethiki, kuanzia sifa za kujiunga hadi kibali cha tasnifu

Habari zenu ndugu zangu. Kila dirisha la maombi ya uzamili likifunguliwa, swali linalonijia kuliko yote ni hili: "Mimi si daktari, nitakubaliwa kusoma bayoethiki?" Bayoethiki ni taaluma ya maadili katika tiba, afya na utafiti, na ndiyo, unaweza kukubaliwa. Wauguzi, wafamasia, wanasheria, wanasosholojia, maofisa ustawi wa jamii, waliosoma falsafa na waliosoma theolojia wote wana nafasi humu. Kanuni nne zinazofundishwa wiki za mwanzo, yaani kuheshimu uamuzi wa mtu, kutenda mema, kutodhuru na kutenda haki, zilienezwa mwaka 1979 na Tom Beauchamp na James Childress. Wa kwanza alikuwa mwanafalsafa, wa pili msomi wa maadili ya dini. Hakuna aliyekuwa tabibu kati yao.

Kinachowatoa wengi kwenye mstari ni barua ya kujieleza isiyo na swali ndani yake, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko kwingine.

Hatua ya 1: Chagua chuo

Kwa hapa kwetu, MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) pale Upanga, Dar es Salaam, wana shahada ya uzamili ya bayoethiki. Makerere, Kampala, wanayo pia chini ya sayansi za afya. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha masta ya maadili ya utafiti wa afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ukishuka kusini kuna Wits, yaani Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ambako bayoethiki inasomwa pamoja na sheria ya afya, na hiyo inawafaa sana mawakili. Marekani wapo Johns Hopkins, Columbia, Pennsylvania na kitivo cha tiba cha Harvard, ila ada zao ni za kutafutia mfadhili kwanza.

Usichague kwa jina la chuo peke yake. Fungua ukurasa wa idara, soma walimu wake wameandika nini. Kama unataka kuchunguza ridhaa ya watoto kwenye utafiti na idara nzima inashughulika na maadili ya wodini, utapata shida ya msimamizi.

Hatua ya 2: Pima sifa zako

Kwa Tanzania, kigezo cha kawaida cha masta ni shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Shahada zisizo na madaraja, kama ya udaktari, huangaliwa kwa wastani wa B. Kama ulisoma nje ya nchi, shahada yako itambuliwe kwanza na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Anza mapema, usingoje dirisha lifunguliwe. Maombi ya uzamili yanapelekwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na kila chuo kina tangazo lake, kwa hiyo lisome la mwaka husika hadi mstari wa mwisho.

Hatua ya 3: Kusanya nyaraka

Cheti na transkripti, vyeti vya sekondari, cheti cha kuzaliwa, wasifu, barua za wadhamini wawili au watatu (watu wanaokufahamu kimasomo au kikazi), risiti ya ada ya maombi. Majina yafanane kila mahali; kama cheti kimoja kinasoma tofauti, shughulikia hati ya kubadili jina iliyosajiliwa sasa hivi. Mtumishi wa umma, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kulipa chochote.

Kuhusu wadhamini, profesa mkubwa asiyekukumbuka hakusaidii. Matroni aliyekuona ukibishana kwa heshima na daktari kuhusu mgonjwa anayekataa kuongezewa damu ana jambo la kuandika.

Hatua ya 4: Barua ya kujieleza

Barua nyingi huanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kusaidia jamii." Wanaochambua maombi wanasoma sentensi hiyo mara nyingi sana, na haiwaambii lolote kukuhusu wewe. Andika ulichokiona kazini, kisha uliza swali.

Chukua mfano wa fomu ya ridhaa. Fomu inasema mshiriki atatolewa damu mililita 10. Mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki hajui mililita 10 ni kiasi gani, kwa hiyo msaidizi wa utafiti anamwambia ni kama vijiko viwili vya chai. Mama anaitikia, lakini anauliza jingine: "Nikikataa, mwanangu bado atapewa dawa?" Anajibiwa kuwa atapewa. Hajui kusoma, kwa hiyo anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Shahidi huyo anapaswa kuwa mtu asiye wa timu ya utafiti, lakini siku hiyo aliyepatikana ni mhudumu wa kliniki ile ile anayompimia mtoto uzito kila mwezi. Je, mama huyu ameridhia kwa hiari, au ameona haya kuwakatalia watu anaowategemea?

Ukiandika aya kama hiyo kutoka kwenye kazi yako, bila kutaja jina la mgonjwa wala kituo, msomaji anajua umeshaanza kufikiri kibayoethiki. Mwanasheria ana yake: mteja aliyepimwa Virusi vya Ukimwi na mwajiri bila kuambiwa. Mwalimu ana yake: wanafunzi waliochukuliwa vipimo shuleni kwa saini ya mkuu wa shule, wazazi hawana habari. Swali likishakuwa wazi, eleza kwa nini ulichonacho sasa hakitoshi kulijibu, na kozi gani za programu hiyo zitakusaidia. Kurasa mbili zinatosha.

Hatua ya 5: Wazo la utafiti

Vyuo vingine vinataka wazo la utafiti tangu kwenye maombi. Liwe dogo. "Maadili ya utafiti Afrika" ni kubwa mno kwa tasnifu. "Mashahidi wa ridhaa ya watu wasiojua kusoma katika kliniki za mama na mtoto wilaya fulani" linabebeka.

Hatua ya 6: Soma kabla ya usaili

Soma nyaraka kuu za maadili ya utafiti kwa binadamu: Kanuni za Nuremberg za 1947, Azimio la Helsinki la 1964 na marekebisho yake hadi ya 2024, Ripoti ya Belmont ya 1979 na miongozo ya CIOMS (baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi za tiba) ya 2016. Ujue pia kisa cha Tuskegee, Alabama: tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida.

Lakini usiishie Marekani, kisa kikubwa kimepita hapa kwetu. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba AZT, dawa ya kupunguza makali ya VVU, inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Miaka iliyofuata yakafanyika majaribio ya dozi fupi na nafuu katika nchi maskini, na baadhi ya akina mama wakapewa vidonge visivyo na dawa. Utafiti wa PETRA, uliofanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, ulikuwa na kundi la namna hiyo. Mwaka 1997 mjadala ukawaka katika majarida ya tiba. Waliopinga walisema yasiyoruhusiwa Marekani yasifanyike Afrika. Waliotetea walisema dozi ndefu isingepatikana kwa akina mama hao, kwa hiyo swali la maana lilikuwa kama dozi fupi ni bora kuliko kukosa kabisa. Soma pande zote mbili, uchukue msimamo unaoweza kuutetea. Mimi nasimama na waliopinga, na bado naona hoja ya upande wa pili ni nzito.

Hatua ya 7: Kibali cha tasnifu

Wengi wanakwama hapa baada ya kufaulu kozi zote. Pendekezo lako litapita kamati ya maadili ya chuo, na kwa tafiti nyingine kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Halafu kuna barua za Katibu Tawala wa Mkoa, mkurugenzi wa halmashauri na mganga mkuu wa wilaya. Zanzibar wana kamati yao. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, Uganda usajili wa UNCST, ambazo ni taasisi za serikali za sayansi na teknolojia. Andaa fomu ya ridhaa ya Kiswahili mapema, umpe mtu asiye wa fani aisome kwa sauti mbele yako. Anapojikwaa, andika upya. Na tangu Tanzania ipitishe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, eleza pia utazihifadhi vipi taarifa za washiriki na nani atazifikia.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Mbeya: Shikamoo mwalimu. GPA yangu ni 2.5. Niachane nayo?

Marahaba. Usiachane nayo. Njia iliyozoeleka ni kusoma stashahada ya uzamili kwanza, ukifaulu vizuri unaomba masta. Andikia ofisi ya uzamili ya chuo unachokitaka uulize wanapokea stashahada ipi, wakujibu kwa maandishi.

Ustadhi, Tanga: Nimesoma elimu ya dini hadi shahada. Sitaonekana naleta mahubiri darasani?

Hapana ustadhi, darasa linakuhitaji. Tangu upandikizaji wa figo uanze Muhimbili mwaka 2017, wanaotoa ni ndugu wa mgonjwa. Kijana akiambiwa na baba zake wadogo kwamba yeye ndiye anayefaa kutoa, hiari yake iko wapi? Familia ikikaa kikao inamwita shehe au padri kabla ya kumuuliza daktari. Utakachotakiwa ni kutoa hoja ambayo hata asiye wa dini yako anaweza kuipima.

Mwanachama, Bujumbura: Shahada yangu ni ya Kifaransa.

Tafsiri nyaraka kwa mtafsiri anayetambulika, na uulize chuo kama kinataka mtihani wa Kiingereza. Vyuo vya ng'ambo huomba mtihani wa IELTS au TOEFL. Weka fedha ya mtihani pembeni mapema.

Mfamasia, Dodoma: Nikimaliza ajira ipo? Sema kweli.

Kweli ni kwamba matangazo ya kazi yenye cheo cha "mtaalamu wa bayoethiki" ni machache. Wengi wanarudi kwenye fani zao wakiwa na uwezo zaidi: sekretarieti za kamati za maadili, taasisi za utafiti, kufundisha vyuo vya afya, kusimamia ubora wa majaribio ya dawa. Wewe mfamasia uko pazuri, maana majaribio ya dawa yanapita TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na yanahitaji watu wanaojua dawa na maadili kwa pamoja. Usiingie kwa kutegemea cheo kipya.

Mwanachama, Arusha: Za mtandaoni zinatambulika?

Waulize TCU na mwajiri wako kabla ya kulipa. Kama unataka kuonja tu, mafunzo ya mtandaoni ya TRREE ya maadili ya utafiti ni bure na yanatoa cheti. Yaweke kwenye wasifu.

Muuguzi, Mbeya: Ahsante mwalimu. Barua ya kujieleza naweza kukutumia uipitie?

Itume, dada. Ila kwanza mpe mfanyakazi mwenzako aisome, kisha umwombe akutajie swali lako kwa sentensi moja. Akishindwa, lirekebishe hilo kabla ya kuniletea.