Kabla hujahamisha familia Dubai, piga hesabu hivi

Watu wengi wakipata ofa ya kazi Dubai kitu cha kwanza wanachofanya ni kuchukua mshahara wa dirhamu na kuuzidisha kwa shilingi, tuseme 12,000 mara 700 hivi, wanapata milioni nane na laki nne, basi wiki hiyohiyo wanaanza kuaga kazini. Kama unaenda peke yako kulala bedspesi, yaani kupanga kitanda tu kwenye chumba cha kushea, sawa, hesabu hiyo inaweza ikakubeba. Ila kwa mtu mwenye mwenza na watoto wawili inadanganya vibaya sana, maana hela utakayoila kule utaila kwa dirhamu. Usibadilishe chochote kuwa shilingi mpaka ujue kinachobaki mwisho wa mwezi, hicho kinachobaki ndo ukibadilishe.

Anza na upande wa nyumbani. Usikadirie kichwani, fungua meseji za M-Pesa au mtandao unaotumia pamoja na taarifa ya benki, rudi nyuma miezi mitatu uone hela imeenda wapi kweli. Vile vya kulipa mara moja moja kama ada, kodi ya nyumba ya miezi sita, bima ya gari, ugawe upate cha mwezi. Alafu, na hapa wengi wanaruka, andika pia vitu ambavyo huvilipii kabisa au unavilipia kidogo: nyumba ni yako, bibi anashinda na mtoto, mchele unaletwa kutoka shamba, dada wa kazi yupo, mtoto yuko shule ya serikali isiyo na ada. Vyote hivyo ukivuka bahari vinageuka bili.

Sasa Dubai. Nyumba kwanza, na nyumba ndo itakayokula sehemu kubwa. Kodi kule inatajwa kwa mwaka na kwa kawaida inalipwa kwa cheki za tarehe za mbele, cheki zikiwa chache mwenye nyumba anapunguza bei kidogo. Tuseme umepata ya vyumba viwili kwa dirhamu 80,000 kwa mwaka, cheki nne. Siku ya kuingia unahitaji 20,000 ya cheki ya kwanza, dalali asilimia 5 ambayo ni 4,000, dhamana ya mwenye nyumba 4,000 nyingine, na dhamana ya DEWA, shirika la umeme na maji, 2,000 kwa apatimenti. Hapo ni 30,000 na hujasajili mkataba Ejari (mfumo wa serikali wa mikataba ya kupanga), hujanunua hata godoro. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri ni je, mtanikopesha hela ya kodi au natoka nayo Dar? Na kwenye bili ya DEWA kuna ada ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa miezi, kwa nyumba hii ni kama 333 kila mwezi. Ukijumlisha na kodi yenyewe ni 7,000 kwa mwezi. Kwenye ile 12,000 umebaki na 5,000.

Wengine wanakaa Sharjah au Ajman, miji jirani, kwa sababu kodi iko chini, ni uamuzi mzuri tu kama kazi yako haiko mbali, ila foleni ya asubuhi ya kuingia Dubai ni ya kweli, jumlisha mafuta, Salik (tozo ya barabara) na masaa ambayo watoto hawakuoni.

Shule ndo inayobeba au kuvunja mpango mzima. Watoto wa wageni karibu wote wanasoma praiveti, na bei zinatofautiana mno: shule za mtaala wa Kihindi nyingi ziko chini, za Kiingereza zinapanda na kwa zile kubwa madarasa ya juu zinaweza kupita 100,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Ingia tovuti ya KHDA, mamlaka inayosimamia shule za praiveti Dubai, ada za kila darasa na daraja la ukaguzi vipo wazi, andika ada ya darasa atakaloingia mwanao na la miaka mitatu mbele, maana ada inapanda na darasa. Basi la shule, sare na vitabu mara nyingi viko pembeni. Tukichukua 12,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, wawili ni 2,000 kwa mwezi. Umebaki na 3,000, yaani milioni mbili na laki moja, na hamjala bado, hamjawasha AC mwezi wa nane.

Chakula sitakaa nacho sana, ukinunua soko la kawaida na sio mol utaishi, unga na samaki vinapatikana.

Bima ya afya yako mwajiri lazima akulipie, ya mke na watoto ni jukumu la aliyewadhamini viza yaani wewe, mpaka mkataba useme vingine. Na kama nyumbani mlikuwa na mishahara miwili, linganisha mishahara miwili na ule mmoja wa Dubai, jamani, usilinganishe wako na wako. Mwenza anaweza kufanya kazi akipata kibali, ila mtoto mdogo itabidi alipiwe nasari.

Ni kweli mshahara haukatwi kodi ya mapato. Lakini hakuna NSSF pia. Kuna kiinua mgongo, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kwa miaka mitano ya mwanzo, na neno msingi hapo ni muhimu: kama kwenye ile 12,000 msingi ni 6,000, unapata 4,200 kwa mwaka. Weka mstari wa akiba wewe mwenyewe. Weka na mstari wa nyumbani, wazazi, michango ya harusi na misiba, hiyo haipungui ukiondoka, inaongezeka.

Ukimaliza, kama kinachobaki Dubai hakizidi cha Dar, usikatae ofa haraka. Rudi kwa mwajiri na karatasi yako kabla hujasaini uombe ada ya watoto, bima ya familia, mkopo wa kodi na tiketi za mwaka, kila kimoja kiandikwe ndani ya mkataba, na uombe mshahara wa msingi upande hata kama jumla inabaki ileile.