Jinsi ya Kushiriki Duatloni ya Kwanza na Kubakiza Nguvu za Mbio za Mwisho

Duatloni ni shindano la kukimbia, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia tena, na saa haisimami mpaka mshiriki avuke mstari wa mwisho. Masafa ya kawaida ni kilomita 10 za kukimbia, 40 za baiskeli na 5 za kukimbia, lakini anayeanza hufanya vyema kutafuta shindano la nusu ya masafa hayo, yaani kilomita 5, 20 na 2.5. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kazi na familia, ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 8 bila kusimama. Maelekezo yake yote yanalenga zile kilomita mbili na nusu za mwisho, kwa sababu katika kushiriki kwangu hapa Arusha nimewaona wakimbiaji wazuri, wenye pumzi kuliko mimi, wakipitwa pale na watu waliokuwa nyuma yao asubuhi nzima.

Chanzo chake kinaeleweka. Baada ya kuendesha baiskeli kwa dakika 40 au zaidi, misuli ya mbele ya paja huwa imechoka, nyonga imejikunja muda wote huo, na mwili umekwisha kuzoea kuzungusha pedali badala ya kupiga hatua. Mtu anaposhuka na kuanza kukimbia, huhisi miguu si yake. Ushujaa hauiondoi hali hiyo, ila mazoea huipunguza sana. Kwa hiyo zoezi la lazima, hata kama utayaacha mengine yote, ni kuendesha baiskeli na kukimbia papo hapo, mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 6 hivi kabla ya shindano. Anza na kilomita 10 za baiskeli na moja ya kukimbia, kisha uongeze taratibu hadi 20 kwa 3. Muda wa kubadilisha usizidi dakika mbili, kwani ukikaa kunywa chai kwanza, miguu itakuwa imepumzika na utakuwa umefanya mazoezi mawili ya kawaida tu. Siku nyingine za wiki zitoshe kwa mbio moja ndefu ya polepole, mbio moja fupi ya kasi na safari moja ya baiskeli, na wiki ya mwisho upunguze yote kwa nusu.

Mahali pa kufanyia zoezi hilo pana maana yake. Barabara ya kutoka Arusha kwenda Usa River, kwa mfano, huteremka wakati wa kwenda na kupanda wakati wa kurudi, jambo linalomfundisha mwendeshaji kutojivunia kasi ya nusu ya kwanza. Malori na mabasi ni mengi mno katika barabara hiyo, hivyo nenda mapema Jumapili, kukishapambazuka, ukae upande wako na usivae kamwe vipokea sauti masikioni. Ukifika kwenye rasta au tuta, punguza mwendo kabla ya kulifikia, inuka kidogo kwenye kiti huku pedali zikiwa sambamba, legeza viwiko na uachie breki unapolipanda.

Kuhusu baiskeli yenyewe, watu hujitisha bure. Baiskeli ya gia ya mtumba inatosha, mradi fundi ameipitia breki, cheni na magurudumu, na kama ina tairi pana zenye meno, kubadilisha na kuweka tairi laini za barabarani kutakusaidia kuliko pambo lolote la bei kubwa. Jambo moja ambalo mafundi wengi hawalitaji ni kwamba katika baiskeli zinazotoka Japani mkono wa kulia kwa kawaida hukaza breki ya mbele, ilhali katika nyingi zinazotoka bara la Ulaya breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Jaribu mahali tambarare ujue ya kwako ikoje, kwa kuwa kukaza breki ya mbele peke yake kwa nguvu kwenye mteremko kunaweza kukurusha juu ya usukani. Urefu wa kiti nao unahusika moja kwa moja na mbio za mwisho: ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ili ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini mno huyachosha mapaja na kuyaumiza magoti, na bado naona wengi wakikishusha ili miguu yote miwili ifike ardhini.

Viatu maalumu vya kunasa kwenye pedali viache kwa sasa; raba zilezile za kukimbilia zinatosha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kamba za mpira zisizofungwa hukupunguzia kuinama.

Eneo la kubadilishia, yaani mahali baiskeli zinapowekwa na unapobadilisha kutoka mbio kwenda baiskeli na kurudi, ndilo linalowaletea wageni adhabu nyingi. Kanuni ya msingi ni kwamba kofia ngumu huvaliwa na kufungwa kidevuni kabla ya kuigusa baiskeli, na hufunguliwa baada tu ya baiskeli kurudishwa mahali pake. Ndani ya eneo hilo baiskeli husukumwa, haipandwi, mpaka uvuke mstari wa kupandia, na wakati wa kurudi ni lazima ushuke kabla ya mstari wa kushukia. Kabla ya shindano kuanza, tembea kutoka mlango wa kuingilia hadi kwenye baiskeli yako na kuhesabu safu, kwani unaporudi ukihema, baiskeli zote hufanana. Kofia iweke juu ya usukani ikiwa imefunguliwa, na baiskeli iache kwenye gia nyepesi. Namba ukiivaa kwenye mkanda wa kiunoni utaweza kuizungusha: mbele unapokimbia, mgongoni unapoendesha.

Chakula kisikusumbue. Kula muda wa saa tatu hivi kabla ya kuanza kitu ulichokizoea, kama uji na viazi vitamu, na uepuke maharage na mafuta mengi. Chupa moja ya maji kwenye baiskeli inatosha kwa masafa haya, lakini inywe yote kwa mafunda madogo kabla ya kilomita za mwisho, maana tumbo lililojaa maji ghafla halikimbiziki.

Honi ya kuanza ikilia, watu huondoka kama walioitwa kugawiwa fedha, na hapo ndipo unapohitaji kujizuia. Kimbia kila kilomita kwa sekunde 15 hadi 20 zaidi ya unavyokimbia kilomita 5 za kawaida, kwa kiwango ambacho bado unaweza kumjibu mwenzako sentensi fupi. Anayetoka Dar es Salaam au Tanga na aongeze tahadhari, kwa kuwa Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na pumzi ikishakata huchelewa kurudi.

Kwenye baiskeli, uliza mapema kama kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukinge upepo kunaruhusiwa. Pale kunapokatazwa, kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia linalosimamia michezo hii, kwa masafa haya hutaka nafasi ya mita 10, na anayempita mwenzake asizubae ubavuni mwake. Katika kilomita ya mwisho weka gia nyepesi, zungusha pedali upesi bila kusukuma kwa nguvu, na unyooshe mgongo na nyonga palipo salama.

Ukishuka, anza kwa hatua fupi za haraka na uache kabisa kuangalia saa kwa dakika tatu au nne za kwanza, kwa sababu miguu itakudanganya kuhusu mwendo wako, wakati mwingine ikikuambia unajikokota ilhali unakwenda vizuri. Uzito huo ukishalegea, refusha hatua kidogo na umchague mtu aliye mbele yako. Ukimaliza, usikae chini mara moja. Tembea, kunywa maji, kisha nenda kachukue baiskeli ukiwa bado na namba yako, maana waamuzi hulinganisha namba ya mwilini na ya baiskeli kabla ya kuiruhusu itoke.