Namna ya kujenga ukuta wa kartoni jukwaani na kuuangusha salama

Kila mwaka kiangazi kikikaribia, kuna kikundi cha vijana kinachopanda hadi karakana yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, kuomba "kitu kikubwa" kwa ajili ya konseti yao. Kitu kikubwa kwao ni moshi na taa za rangi. Mimi huwaonyesha kwenye simu picha za Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, wakicheza albamu yao The Wall, yaani Ukuta, mwaka 1980, halafu nawauliza: mna kartoni ngapi?

Kwanza mjue ukuta ule ulikuwa wa nini, maana bila hilo mtajenga pazia tu. Mwaka 1977, huko Montreal, Roger Waters, mwimbaji na mpiga besi wao, alichoshwa na fujo za watu waliojazana mbele ya jukwaa hadi akamtemea mate shabiki mmoja. Kitendo hicho kilimtisha yeye mwenyewe, na hapo likaja wazo la kujenga ukuta wa kweli kati ya wanamuziki na watazamaji. Albamu ilitoka Novemba 1979. Februari 1980 wakaanza konseti Los Angeles. Wafanyakazi walipanga matofali ya kartoni wimbo baada ya wimbo, kuvuka ukumbi mzima, zaidi ya mita 10 kwenda juu, mpaka bendi yote ikafichika. Konseti zilikuwa 31 tu, Marekani, London na Dortmund, kwa sababu mzigo ule uligharimu mno kuuhamisha. Richard Wright, mpiga kinanda wao, aliyekuwa ameondolewa kwenye bendi na kubaki kama mtu wa mshahara, ndiye pekee kati yao aliyerudi nyumbani na faida. Kwa hiyo mpiga kinanda wenu akidai posho yake mapema, msimcheke.

Watu hudhani ufundi uko kwenye kuanguka. Kuanguka ni sekunde chache. Ufundi uko kwenye kujenga, na huko ndiko nitakakokaa.

Tafuteni kartoni za kipimo kimoja. Msikubali mchanganyiko wa sabuni, biskuti na mafuta, hata mkipewa bure. Kaeni vizuri na muuzaji wa jumla mmoja sokoni, mwambieni awawekee za bidhaa moja, na mzibebe zikiwa zimekunjwa. Pikipiki moja hupandisha rundo zima. Tuseme kila moja ina urefu wa sentimita 60 na kimo cha 40. Kwa jukwaa la karibu mita 8, safu moja inachukua 13. Safu 7 zinawapa kimo cha mita 2 na sentimita 80, na kwa ukumbi wa parokia hicho kinatosha kumficha mtu mrefu na gitaa lake. Pangeni kama mwashi, kila kiungo kikae katikati ya tofali la chini: safu 4 za matofali 13, safu 3 za matofali 12 na nusu mbili pembeni. Jumla ni matofali mazima 88 na nusu 6. Ongezeni 10 ya akiba, kwa sababu watoto wa kwaya watakalia mengine.

Rangi pakeni upande mmoja tu, kartoni ikiwa bado imekunjwa, tena nyepesi. Chokaa yenye maji mengi huilegeza, na msimu wa mvua hapa Bukavu haikauki hata ukiiombea. Mimi napendelea kubandika karatasi nyeupe kwa gundi ya unga wa muhogo. Upande wa nyuma wa kila tofali uacheni wazi, ili mjenzi apate pa kushika.

Nyuma ya ukuta simamisheni nguzo 6 za mkaratusi, kila moja ikiwa na mguu mpana uliolemewa na mfuko wa mchanga. Ukuta unaegemea nguzo, haufungwi. Nje msijaribu: upepo wa ziwani hautangoja wimbo wa mwisho.

Sasa hesabu ya nyimbo. Pink Floyd walianza ukuta ukiwa tayari umejengwa kidogo pande zote mbili, katikati peupe. Fanyeni vivyo hivyo: wekeni nusu zote 6 na matofali 24 pembeni kabla mlango haujafunguliwa. Yanabaki 64. Kama sehemu ya kwanza ina nyimbo 9, msigawe sawasawa. Nyimbo mbili za mwanzo, 4 kila moja, na wajenzi watembee kama watu walio kazini, wasicheze. Nyimbo tano zinazofuata, 7 kila moja. Wimbo wa nane, 20 kwa haraka, hadi watu waanze kunyanyuka vitini kumtafuta mpiga ngoma. Wimbo wa tisa, tofali moja tu. Waters aliimba wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza kupitia tundu la mwisho, kisha likazibwa. Hapo msiruhusu mtu yeyote apige makofi nyuma ya jukwaa. Taa zizimwe.

Wajenzi wawe wanne, wavae nguo za kazi, na kila mmoja ajue matofali yake kwa namba iliyoandikwa nyuma. Fanyeni mazoezi bila muziki kwanza, baadaye na muziki, mwishowe gizani.

Sehemu ya pili ukuta ni skrini. Onyesheni picha zenu juu yake kwa projekta. Jenereta ikae nje, mbali na mlango. Spika ziwe mbele ya ukuta, pembeni, la sivyo sauti itazama kwenye kartoni. Mpiga gitaa akitaka kutokea juu ya ukuta kama David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, apande kwenye jukwaa imara la mbao lililojitegemea, na watu wawili walishike muda wote.

Kuhusu moto sitabembeleza. Usiku wa kwanza kule Los Angeles, fataki ziliwasha pazia na ikabidi konseti isimamishwe wazimamoto wafanye kazi yao. Walikuwa na wazimamoto. Ninyi mna bidoni la maji. Hakuna fataki, hakuna mshumaa, na hakuna kurusha unga hewani kuigiza vumbi, kwa sababu unga ukitanda hewani hushika moto. Sisi wa Kadutu, wenye nyumba za mbao, hilo hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kuangusha: acheni mita 4 tupu mbele, zizuieni kwa kamba, na mtu mmoja ailinde, si kijana mwenye haya. Wajenzi wasukume safu ya juu kwanza kwa fito ndefu, kisha ya pili, ndipo zilizobaki zisukumwe pamoja. Mkianza chini, rundo lote litawaangukia wanamuziki.

Pink Floyd walitoka mbele ya kifusi na vyombo visivyohitaji umeme, Waters akiwa na klarineti. Ninyi tokeni na gitaa kavu na likembe, kile kinanda cha vidole gumba. Wimbo mmoja mfupi, inameni, basi. Kartoni zisizochanika zikunjeni usiku huohuo. Muuzaji wa jumla mliyekaa naye vizuri atazichukua tena, na mwakani hatawasahau.