Kukagua Subaru ya Turbo Iliyobadilishwa Kabla ya Kuinunua Tanga

Muuzaji wa Subaru Impreza WRX STI iliyoongezewa nguvu akikwambia uende ukaione saa kumi jioni, mwombe akupokee saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu yeyote hajaiwasha. Injini ya turbo, yaani yenye feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huficha mengi ikishapata moto. Miaka kadhaa iliyopita niliona gari la namna hiyo Raskazone, jioni, injini ikiwa tayari imechemka; lilinguruma vizuri mno nikalipa siku ile ile. Alfajiri ya kesho yake lilitoa mlio wa kugonga uliodumu kama dakika mbili kisha ukapotea, na tulipoifungua injini tukakuta pistoni ya silinda ya 4 imemeguka pale ringi zinapokaa. Fahamu tu kwamba pistoni za chuma kilichofuliwa (forged), ambazo wabadilishaji wengi huzifunga, nazo hugonga kidogo zikiwa baridi kwa sababu huachiwa nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Kwa hiyo muulize muuzaji ni pistoni zipi zimo, na akuoneshe risiti.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse kwa kitambaa cheupe, kisha ukitoe kitambaa hicho juani na kukigeuzageuza. Vikimeta vidogo kama vumbi la fedha ni chuma cha beringi kinacholika, na hapo mimi huaga. Fungua rejeta ingali baridi, kamwe si ikiwa ya moto, utazame kama kuna utando wa oili juu ya maji. Injini ikishawaka, mapovu yanayopanda mfululizo bila kukoma huashiria kwamba gasketi ya silinda hedi inavujisha gesi.

Moshi wa ekzosi nao una maana yake. Wa buluu ni oili inayoungua, ama kwa ringi ama kwa turbo. Mweupe usioisha injini ikipata moto ni maji. Mweusi ni petroli iliyozidi. Huu wa mwisho mara nyingi husababishwa na ile vali inayopuliza hewa nje kwa mlio wa "pshh" ambao vijana wengi huupenda. Kompyuta ya gari hili hupima hewa inayoingia na kutoa petroli kulingana nayo, kwa hiyo hewa iliyokwisha kupimwa ikitupwa nje, petroli hubaki nyingi kila unapobadili gia.

Ondoa bomba la kuingizia hewa ukashike feni ya turbo kwa vidole, injini ikiwa imezimwa. Kucheza kidogo sana kwa upande ni kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma, au ikigusa ukuta wake, turbo imekwisha.

Kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote ni cha kompresheni, yaani mgandamizo ambao kila silinda huweza kuujenga. Mafundi wengi hukikwepa, kwa kuwa plagi za Subaru zimelala ubavuni na mkono hupita kwa shida kati ya injini na bodi. Mlipe fundi muda wake, naye azitoe zote nne, betri ikiwa imejaa na injini ikiwa na moto. Tofauti baina ya silinda na silinda ikizidi asilimia 10, bei uliyotajiwa haina maana tena.

Dai la nguvu za farasi lichukuliwe kwa uangalifu. Hadi mwaka 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya 280, hivyo anayetaja 400 aeleze ni turbo gani, ni sindano gani za petroli, na ni nani aliyeipanga kompyuta upya. Injini nyingi za aina hii zilipangiwa petroli ya Japani ya oktani ya juu (uwezo wa petroli kuhimili kulipuka kabla ya wakati), inayokaribia 100. Uliza imekuwa ikinyweshwa nini na kama mpangilio wake ulizingatia hilo. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwani ukikatika vali hugongana na pistoni.

Inua gari kwa jeki na stendi. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula chuma kimyakimya, hasa juu ya magurudumu ya nyuma na pale shokapu zinapofungwa. Springi iliyokatwa kwa grenda ili gari lishuke utaitambua kwa ncha yake iliyonyooka, usiikubali. Matairi yote manne yawe na saizi moja na yamelika sawa, kwa kuwa gari huendeshwa na magurudumu manne na tofauti ya matairi huua difu ya kati, inayogawa nguvu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Kisha liendeshe kuelekea Muheza, ukiheshimu kilomita 50 kwa saa penye makazi. Ukishapita Pongwe na barabara kuwa tupu, tia gia ya nne mzunguko wa injini ukiwa 2,500 kwa dakika, ukanyage mafuta: mzunguko ukipanda huku mwendo ukibaki pale pale, klachi inateleza.

Mwisho linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Magari haya hubadilishwa injini mara kwa mara, na namba zikitofautiana, usitoe hata malipo ya awali mpaka muuzaji awe ameirekebisha kadi hiyo TRA.