Jinsi ya Kupanga Fedha za Chama cha Siasa Kabla Kodi Haijawa Fumbo

Mweka hazina mpya wa chama cha siasa hukabidhiwa vitabu vya stakabadhi, orodha ya watia saini wa benki, na mara nyingi kauli moja ya kurithi kutoka kwa mtangulizi wake: kwamba chama hakilipi kodi. Kauli hiyo ndiyo mzizi wa madeni mengi ambayo vyama huyagundua baada ya miaka, yakiwa yameshaongezewa riba na faini. Katika mifumo mingi chama hakisamehewi kodi kwa kuwa ni chama. Kinachosamehewa ni aina fulani za mapato yake, hasa ada za uanachama, michango ya hiari na ruzuku ya serikali, na mara nyingi msamaha huo hudumu pale tu fedha hizo zinapotumika kwa kazi za siasa. Mapato mengine yote hufuata njia ya mlipakodi wa kawaida.

Nchini Marekani kanuni hii imeandikwa waziwazi. Kifungu cha 527 cha sheria ya kodi ya shirikisho, ambacho ni cha mwaka 1975, hakitozi michango, ada za wanachama wala mapato ya hafla za kuchangisha, lakini kinatoza riba, gawio na faida nyingine za vitega uchumi kwa kiwango cha juu cha kodi ya makampuni, ambacho tangu 2018 ni asilimia 21. Uingereza nayo hutoza vyama kodi ya makampuni kwenye riba na faida ya biashara, huku michango yenyewe ikiachwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mweka hazina lisiwe kama chama kinalipa kodi au hakilipi. Liwe fedha iliyoingia leo imetoka wapi na imeletwa kwa ajili gani. Swali hilo likijibiwa siku ile ile, sehemu kubwa ya ugumu huwa imekwisha. Likiahirishwa hadi kufunga mwaka, hakuna mhasibu, hata awe hodari namna gani, atakayelijibu kwa uhakika.

Tenganisha fedha zinapoingia

Anza na akaunti za benki. Chama kinachoweka ruzuku, michango, pango la ukumbi na mauzo ya fulana katika akaunti moja kimejinyima ushahidi chenyewe, kwa sababu fedha zikishachanganyika haiwezekani tena kuonyesha ni zipi zilizolipia mkutano wa hadhara na ni zipi zilizonunua gari. Akaunti tatu ndizo za chini kabisa: moja ya ada na michango, moja ya ruzuku, na moja ya shughuli zinazoleta faida. Ya nne, ya uchaguzi, ifunguliwe kabla kampeni hazijaanza. Ruzuku hasa haivumilii kuchanganywa, kwa sababu huja na masharti ya matumizi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya Kenya ya mwaka 2011, kwa mfano, inataka angalau asilimia 30 ya fedha ambazo chama kimegawiwa kutoka Mfuko wa Vyama vya Siasa zitumike kukuza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyo pembezoni. Bila akaunti yake na leja yake, sharti la namna hiyo haliwezi kuthibitishwa mbele ya mkaguzi.

Baada ya benki, tazama stakabadhi. Stakabadhi iliyoandikwa "mchango kutoka kwa wadau" haina thamani yoyote, iwe kwa msajili wa vyama au kwa mamlaka ya kodi. Andika jina kamili la aliyetoa, tarehe, kiasi, njia iliyotumika, na kama aliyefikisha fedha si mwenyewe, andika majina yote mawili. Jambo hili huonekana dogo mpaka fedha zinapoletwa na mjumbe wa kampuni kwa jina lake binafsi, katika nchi ambayo kampuni haziruhusiwi kuchangia kabisa, kama ilivyo Ufaransa tangu 1995. Tenga pia muda wa uchunguzi. Uingereza inakitaka chama kimtambue mtoaji wa kila mchango unaozidi pauni 500 na kurudisha usiokubalika ndani ya siku 30, na utaratibu wa namna hiyo unafaa kuigwa hata pale sheria isipoulazimisha: mchango usitumiwe kabla mtoaji hajajulikana.

Mikopo iandikwe kwenye daftari lake, pamoja na mkataba, kiwango cha riba na tarehe ya kurejesha. Mkopo usio na riba ni mchango uliovaa nguo nyingine, na deni likisamehewa huwa mchango kamili. Huko Uingereza sheria ya mwaka 2000 ilidai michango itangazwe, lakini mikopo ya masharti ya kibiashara haikuguswa. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2006, baada ya kubainika kwamba vyama vilikuwa vimekopa mamilioni bila umma kujua ni nani anayewadai.

Mfano wa chakula cha jioni

Hakuna mahali ambapo sheria za fedha za vyama na sheria za kodi hugongana waziwazi kama kwenye hafla ya kuchangisha fedha. Tuseme chama kimeuza tiketi 200 za chakula cha jioni, kila moja kwa 100, na chakula chenyewe, ukumbi na muziki vina thamani ya 40 kwa kila mgeni. Fedha zilizokusanywa ni 20,000. Mweka hazina asiye mwangalifu huandika "michango 20,000" na kufunga daftari. Mifumo mingi huitazama tiketi hiyo kama vitu viwili: 40 ni bei ya chakula alichokula mgeni, na 60 tu ndiyo mchango. Kwa hiyo hati ya mchango anayopewa mgeni kwa ajili ya kodi yake isomeke 60, na taarifa kwa msajili ifuate thamani anayoitambua yeye, ambayo si lazima iwe hiyo hiyo. Ile 40 huenda ikaangukia kwenye kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa kuuza chakula ni kuuza chakula, hata meza ikiwa imepambwa kwa bendera za chama.

Sasa ongeza mgeni mmoja aliyenunua tiketi kumi na kuwapa marafiki zake. Mchango wake ni 600 na lazima uhesabiwe kwake peke yake, ingawa kwenye viti wamekaa watu kumi. Ongeza pia mnada wa picha yenye thamani ya 300 sokoni, iliyonunuliwa kwa 2,000: mnunuzi amechangia 1,700, na aliyeitoa picha bure naye amechangia 300. Jioni moja, na tayari kuna aina nne za kumbukumbu. Ndiyo maana namshauri kila mweka hazina aandae jedwali la hafla kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, likiwa na safu ya bei, safu ya thamani ya soko na safu ya tofauti.

Michango isiyo ya fedha hufuata kanuni hiyo hiyo ya bei ya soko. Gari lililoazimwa kwa siku kumi na mbili lina thamani ya pango la siku kumi na mbili, si sifuri. Tafuta bei kutoka kwa wakodishaji wawili au watatu na uziambatishe kwenye hati, kwa sababu mkaguzi hatauliza tu umeandika kiasi gani; atauliza umekipataje.

Kodi ya anayechangia

Wanachama watakuuliza kama mchango wao unapunguza kodi yao, na jibu lazima liwe sahihi, maana hati ya chama ndiyo watakayoipeleka kwa mamlaka. Zipo njia mbili kuu, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika njia ya kwanza mchango hupunguzwa kwenye mapato kabla kodi haijakokotolewa. Mwenye kipato kikubwa anayetozwa asilimia 40 akitoa 1,000 huokoa 400. Anayetozwa asilimia 10 akitoa kiasi hicho hicho huokoa 100. Na asiyefikia kiwango cha kutozwa haokoi chochote. Serikali, kwa maneno mengine, huchangia zaidi chaguo la tajiri. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliikataa hali hiyo mwaka 1958 kwa hoja ya usawa wa vyama na wa raia, na mwaka 1992 ikatamka kwamba kampuni kupewa nafuu ya kodi kwa michango ya kisiasa ni kinyume cha katiba.

Njia ya pili hupunguza kodi yenyewe, kwa uwiano ule ule kwa kila anayetoa kiasi kile kile, awe tajiri au maskini. Kanada, katika ngazi ya shirikisho, hupunguza asilimia 75 ya dola 400 za kwanza, kisha asilimia 50 hadi dola 750, kisha theluthi moja, mpaka kikomo cha dola 650. Anayetoa dola 400 hupata nafuu ya 300, na anayetoa 1,275 hupata 650. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya haki zaidi kati ya hizo mbili, kwa kuwa mkono mdogo unanufaika kwa uwiano mkubwa kuliko mkono mzito. Ufaransa hupunguza asilimia 66 ya mchango, lakini mtu mmoja haruhusiwi kuvipa vyama zaidi ya euro 7,500 kwa mwaka. Marekani, katika ngazi ya shirikisho, na Uingereza hazitoi nafuu yoyote katika kodi ya mapato kwa mchango wa chama, ingawa Uingereza huusamehe wosia unaokiachia chama chenye wabunge mali kwenye kodi ya mirathi.

Usimwahidi mtu nafuu ambayo hujaisoma kwenye kifungu. Wala usitoe hati ya mchango kwa ada ambayo mwanachama amelipia huduma.

Kodi unazokusanya kwa niaba ya wengine

Chama kinaweza kusamehewa kodi ya mapato yake mwaka mzima na bado kikadaiwa fedha nyingi, kwa sababu kina wajibu wa kukata kodi za watu wengine. Mishahara ya makatibu, madereva na walinzi hukatwa kodi ya ajira kama kwa mwajiri mwingine yeyote. Posho ndiyo mtego. Kijana aliyejitolea akarudishiwa nauli kwa kuonyesha tiketi hajapata mapato. Kijana huyo huyo akilipwa kiasi kisichobadilika kila siku kwa miezi mitatu, kwa kazi aliyopangiwa saa na kusimamiwa, mbele ya mamlaka nyingi ni mfanyakazi, vyovyote fomu itakavyomwita. Washauri, wenye kumbi na wapiga chapa wanaweza kuhusika na kodi ya zuio, yaani ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuiwasilisha kwa mamlaka, na mlipaji asiyeikata hugeuka kuwa mdaiwa wake.

Matangazo ya mtandaoni yameongeza ugumu mpya. Ankara inapotoka kwa kampuni iliyo nchi nyingine, sheria nyingi humtaka mnunuzi akokotoe mwenyewe kodi ya ongezeko la thamani ya huduma hiyo na kuiwasilisha, na nyingine hudai pia kodi ya zuio. Bajeti ya kampeni isiyotenga fedha hizo hupungukiwa katikati ya safari. Vilevile, kwa kuwa shughuli za siasa kwa kawaida si biashara, chama hakiwezi kudai kirudishiwe kodi ya ongezeko la thamani kinayolipa kwenye manunuzi yake. Ihesabu kama sehemu ya gharama tangu mwanzo.

Macho mawili juu ya hesabu moja

Ugumu wote huu unatokana kwa sehemu na ukweli kwamba chama hutazamwa na ofisi mbili zenye maswali tofauti. Msajili wa vyama, au tume ya uchaguzi, anataka kujua nani ametoa. Mamlaka ya kodi inataka kujua nani amepata faida. Mwaka wa hesabu unaweza kutofautiana, kiwango cha kutangaza mchango kinaweza kutofautiana, na matawi ambayo ofisi moja huyahesabu ndani ya chama huenda nyingine ikayahesabu kama walipakodi wanaojitegemea. Vyama vikubwa huajiri wataalamu wa kuyasuluhisha hayo. Chama kidogo chenye mweka hazina wa kujitolea hubeba mzigo ule ule kwa mikono miwili, na hili linanisikitisha, kwa kuwa sheria iliyokusudiwa kulinda ushindani huishia kuwaadhibu wasio na fedha za kununua ushauri.

Dawa inayowezekana ni jedwali la ulinganisho. Kila robo mwaka, weka upande mmoja jumla ya mapato kama yatakavyosomeka kwa msajili, upande wa pili kama yatakavyosomeka kwenye ritani, yaani taarifa inayowasilishwa kwa mamlaka ya kodi, na katikati eleza kila tofauti kwa sentensi moja: tiketi zilizogawanywa mara mbili, gari lililoazimwa, riba ya benki, ada zilizopokelewa na tawi lakini hazijafika makao makuu. Matawi yawe na tarehe moja ya kuleta daftari la fedha taslimu na taarifa ya benki, na tawi ambalo halijarejesha hesabu za masurufu, yaani fedha za matumizi lililotangulizwa, ya mwezi uliopita lisipewe mengine, hata mwenyekiti wake apige simu mara ngapi. Kabla ya kufunga mwaka, linganisha salio la kila leja na la benki, kisha mkabidhi mkaguzi wa hesabu jedwali hilo kabla hajaliomba.

Hifadhi hati zote kwa muda mrefu zaidi kati ya vipindi vinavyotakiwa na sheria hizo mbili, zikiwa zimepangwa kwa mwaka na kwa chanzo. Siku ya kukabidhi ofisi, mwache mrithi wako na orodha ya kodi zilizolipwa, zile ambazo bado zinabishaniwa pamoja na barua zake, na tarehe ya ritani inayofuata.