Namna ya Kutulia Baada ya Kukosea Uwanjani: Kwa Wachezaji wa Besiboli wa Arusha

Kijana anayeanza besiboli hapa Arusha mara nyingi anatoka kwenye soka, na huja na hesabu ya soka kichwani, ambamo mshambuliaji anayepoteza nafasi saba kati ya kumi huonekana hafai kuanza mchezo unaofuata. Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kurekebishwa. Katika besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila zamu kumi za kupiga zinazohesabiwa ni mpigaji mzuri hata kwenye ligi kuu ya Marekani, na Ted Williams, ambaye msimu wake wa 1941 unasimuliwa hadi leo, alimaliza kwa wastani wa 0.406, yaani alishindwa karibu mara sita katika kila kumi. Sababu iko wazi: mrushaji wa ligi hiyo husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wenye kasi ya kilomita 145 kwa saa hufika kabla nusu sekunde haijakwisha. Mipira ya vijana wetu ni ya polepole zaidi, lakini nao wanarushiwa kutoka karibu, kwa hiyo muda wa kuamua unabaki kuwa kidogo.

Basi kukosa hakuepukiki. Kinachoepukika ni kosa la pili, lile linalozaliwa na la kwanza: mlinzi aliyeponyokwa na mpira anaurusha kwa hasira juu ya kichwa cha mwenzake, au mpigaji mwenye straiki mbili (straiki ni mrusho anaohesabiwa kuukosa, na ya tatu humtoa) anauvamia mpira ambao ungepita mbali naye. Kati ya mrusho na mrusho kuna nafasi ndogo sana ya kujirekebisha. Tangu 2023, kanuni za ligi kuu ya Marekani humpa mrushaji sekunde 15 tu pale ambapo hakuna mkimbiaji kwenye beisi, yaani vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia. Kwa muda huo huwezi kujihubiria wala kuchunguza tabia yako, na ndiyo maana kazi ya kutulia nawashauri waanze nayo mwilini, fikra zitafuata.

Chagua kitendo kimoja kidogo chenye maana kwamba kosa limekwisha, nacho kiwe kilekile kila siku. Mwanasaikolojia wa michezo Ken Ravizza, aliyefanya kazi na timu ya chuo kikuu cha Fullerton huko California, alikumbukwa kwa choo kidogo cha kuchezea kilichowekwa penye benchi, ambacho mchezaji alikivuta maji, kwa mfano tu, ili kosa lake liende zake. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Vumbi la viwanja vyetu linatosha. Futa ardhi iliyo mbele yako kwa mguu mara moja, kana kwamba unasawazisha mahali palipovurugwa, au vua glovu, ikung'ute, uivae tena. Ukimaliza kuivaa, kosa halizungumzwi tena mpaka zamu iishe.

Kisha pumua, ukiingiza hewa kwa utulivu kupitia puani na kuitoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuiingiza. Jambo hili lina uzito wa pekee mjini kwetu, kwa sababu Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mchezaji aliyepanda kutoka Dar es Salaam anaweza kuhema baada ya mbio fupi, akadhani ni woga ilhali ni hewa tu. (Hewa hiyohiyo nyepesi huusogeza mpira mbali kidogo zaidi. Mlinzi mgeni aliyepitwa na mpira wa juu asijilaumu kabla hajasogea hatua chache nyuma na kujaribu tena.)

Hatua ya tatu ni macho, kwa kuwa mchezaji aliyekosa huinamisha kichwa, na aliyeinamisha kichwa haoni kinachokuja. Evan Longoria, aliyekuwa mlinzi wa beisi ya tatu wa Tampa Bay, alikuwa na mazoea ya kutazama ncha ya nguzo ya pembeni mwa uwanja ili arudishe mawazo yake. Vijana wangu wengi huchagua kilele cha Meru, jambo ambalo ni zuri kwa siku mbili hivi, kisha mawingu yanashuka na mlima wote unatoweka. Chagua kitu kisichohama: mwamba wa goli, mti, au pembe ya ukuta. Ukikitazama, jiambie kazi inayofuata kwa maneno machache: "Auti moja, mpira ukija kwangu, beisi ya pili." (Auti ni mchezaji wa upande unaopiga aliyekwisha kutolewa.)

Hapo wenzako wana sehemu yao, na hapa desturi yetu inahitaji uangalifu. Mtu akipatwa na jambo, sisi humpa pole, na huo ni utu. Lakini mlinzi aliyeponyokwa na mpira akipewa pole na watu wanane, kila mmoja kwa wakati wake, amekumbushwa kosa lake mara nane. Pole iwe moja, itoke kwa nahodha, na wengine wote wataje hali ya mchezo: auti ngapi, mkimbiaji yuko wapi. Kocha naye asidanganywe na tabasamu. Kijana wetu akiaibika mara nyingi hucheka, na kumkaripia kwa kuwa "anacheka cheka" ni kumwongezea aibu ya pili juu ya ile anayojaribu kuificha.

Watazamaji nao wapo. Mpira ukikupita katikati ya miguu, madereva wa bodaboda waliosimama kando ya uwanja watapiga kelele "tobo!" hata kama hawajui beisi ya kwanza ni ipi. Bill Buckner wa Boston Red Sox alipigwa tobo la namna hiyo Oktoba 1986, katika mchezo wa sita wa fainali ya ligi kuu ya Marekani, akiwa beisi ya kwanza, na timu yake ikapoteza mchezo huo. Katika mchezo wa saba alikuwa uwanjani tena, na aliendelea kucheza ligi kuu hadi 1990.

Ukosaji unaodumu siku nyingi hautibiwi kwa sekunde 15. Willie Mays alipoingia ligi kuu mwaka 1951 alipiga mara 12 bila kufanikiwa, na kocha wake, Leo Durocher, hakumwondoa kikosini. Mpira wake wa kwanza uliofanikiwa ulivuka uzio. Ukiwa katika kipindi kama hicho, weka daftari, na usiandike matokeo peke yake. Andika kama mpira ulioupiga ulikuwa wa kupigwa, na kama gongo liliugusa sawasawa, kwa maana mpira uliopigwa vizuri ukadakwa ni auti kwa mwamuzi lakini kwako ni kazi njema.

Yote haya yafanyiwe mazoezi, la sivyo yatasahaulika siku ya mchezo. Mara moja kwa wiki, kocha aupige mpira makusudi kuelekea sehemu yenye mashimo, asubiri uponyoke, kisha apige wa pili baada ya sekunde 15 bila kutoa neno. Anachokagua ni mguu uliofuta vumbi, pumzi, na macho. Kudaka kwenyewe kutahesabiwa siku nyingine.

Na mzazi aliyekuja kutazama, tafadhali usianze uchambuzi ndani ya daladala mbele ya abiria. Mwache mtoto afike nyumbani, aoge, ale. Akitaka kulizungumza kosa lake ataanza mwenyewe, na mara nyingi huwa ni kabla sahani haijaondolewa mezani.